Tafuta kwa Mkono Wako: Hotuba kuhusu Upasuaji wa Maiti katika Kufundisha Anatomia

Walimu wenzetu, wanafunzi wa udaktari na wa utabibu, wahudumu wa mochwari, na wageni wote mliopanda hadi huku kilimani: wakubwa shikamooni, na wengine habari za mchana.

Tumeombwa kujibu swali ambalo siku hizi huibuka kila bajeti inapopangwa. Kama simu ya mwanafunzi inaweza kumwonyesha mwili wa binadamu kwa rangi, ikauzungusha, ikauvua tabaka moja baada ya jingine kwa kugusa kioo, kuna haja gani ya kuendelea na maiti, fomalini, harufu na gharama zake?

Jibu letu ni kwamba programu ya simu humpa mwanafunzi kitu ambacho mwingine amekwisha kukitafuta. Na kazi ya daktari ni kutafuta. Atakayeitwa usiku wa manane kisiwani Ukerewe kufungua tumbo la mama aliyepasuka mji wa mimba hatakuta ateri nyekundu na vena ya bluu. Atakuta damu, mafuta na utando. Mrija wa mkojo unapita chini ya ateri ya mji wa mimba, kama sentimita 2 tu pembeni mwa shingo ya kizazi, na unafanana na kamba yoyote nyeupe iliyoko hapo. Aliyewahi kuupapasa mrija huo kwenye maiti, akaufuata kwa kidole kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ataukwepa. Aliyeuona kwenye kioo peke yake anaweza kuubana pamoja na ateri, na mama huyo atarudi baada ya siku kadhaa na figo iliyovimba.

Hoja hii ni ya zamani. Galen, tabibu wa karne ya pili, alipasua nyani na nguruwe kwa sababu desturi ya Roma haikumruhusu kupasua watu, na akaandika kwamba taya la chini la binadamu ni mifupa miwili. Kosa hilo likadumu kwa zaidi ya miaka elfu moja, na vyuo vya Ulaya vikalirithi na kulifundisha. Profesa aliketi juu kwenye kiti akisoma kitabu, na kinyozi alikuwa chini akikata. Kila mwaka taya lilikuwepo mezani, mfupa mmoja, na aliyekuwa na mamlaka ya kusema hakuwa na kisu. Andreas Vesalius alipoteremka kwenye kiti kule Padua na kukata mwenyewe, kosa hilo na mengine mengi yakaonekana, na kitabu chake kikatoka mwaka 1543. Hatuwasimulii haya ili mumcheke Galen. Profesa wa kwenye kiti bado yupo. Siku hizi anakaa ndani ya projekta.

Sasa tuingie mezani. Tutachukua kwapa, kwa sababu ndiko wanafunzi wengi huharibu, na ndiko mkono hujifunza haraka kuliko kwingine kote.

Mwili umelazwa chali. Jambo la kwanza ni mkono wenyewe: fomalini imekaza misuli, na kama aliyeutia mwili dawa aliuacha mkono umebanwa ubavuni, hamtaingia kwapani bila kuvunja kitu. Kwa hiyo maandalizi ya somo la kwapa huanza siku ya kutia dawa, mikono ikitanuliwa kidogo na kufungwa kwenye ubao. Ikiwa hilo halikufanyika, mwanafunzi mmoja aushike mkono na kuutanua taratibu kadiri misuli inavyoachia. Msiulazimishe.

Kwa ngozi tumia mpini namba 4 na wembe namba 22. Mkato wa kwanza unatoka kwenye kishimo cha chini ya shingo, unashuka katikati ya kidari hadi ncha yake ya chini. Wa pili unafuata mtulinga hadi ncha ya bega. Wa tatu unatoka ncha ya kidari kwenda ubavuni. Ngozi ya kifua ni nyembamba, milimita 1 hadi 2 hivi. Ukikata utaona weupe kwanza, kisha manjano ya mafuta yakichungulia kwa vidoadoa. Simama hapo. Ukiona rangi ya kahawia ya msuli umeshapita, na umekata neva za ngozi ambazo leo hukuwa hata umezitafuta. Inua kona ya ngozi kwa kibano chenye meno, toboa tundu dogo kwenye ile ngozi, pitisha kidole uivute, kisha uelekeze wembe kwenye ngozi na si kwenye mafuta. Wale mabinti wa viwanda vya minofu hapa Mwanza wanalijua hili kuliko sisi: anayechuna sangara hulaza kisu kwenye ngozi, la sivyo nyama yote hubaki upande usiotakiwa.

Chini ya ngozi kuna mafuta, na ndani ya mafuta kuna vitu. Kati ya msuli mkubwa wa kifua na msuli wa bega kuna mfereji, na ndani yake kuna vena ya sefaliki. Itafute kabla ya kufanya lolote lingine, kwa kuwa itakuongoza hadi kwenye vena kubwa ya kwapa. Pembeni, kutoka nafasi ya pili kati ya mbavu, kuna neva nyembamba inayovuka kwenda kwenye ngozi ya ndani ya mkono. Karibu kila meza huikata. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi na kubaki na ganzi kwenye sehemu ya ndani ya mkono, mara nyingi neva iliyoguswa ni hiyo hiyo.

Msuli mkubwa wa kifua ukatwe karibu na mtulinga na kidari, ukiacha kama sentimita 1 ya nyama kwenye mfupa, kisha ugeuzwe kuelekea mkononi. Kabla ya kukata, ingiza kidole chini yake: upande wa mtulinga utasikia kifungu cha ateri na neva kinachoingia kwenye msuli kutoka nyuma. Hicho kiache kining'inie. Msuli mdogo wa kifua unashikilia ubavu wa 3, wa 4 na wa 5. Ukate hapo mbavuni na uugeuze juu.

Hapa kisu kinawekwa chini. Tunalisema kila mwaka na kila mwaka kuna anayeendelea kukata. Ndani ya mafuta ya kwapa unatumia mkasi uliofungwa: uingize, ufungue, uutoe. Ufungue kufuata urefu wa mshipa, kamwe usiufungue kuukatiza. Vidole vinafanya kazi kubwa kuliko chuma. Mitoki itatoka pamoja na mafuta. Iangalieni kwanza, ihesabuni, pimeni ukubwa, ndipo muitoe. Vena ya kwapa imelala mbele na inaficha kila kitu, hivyo ifungeni uzi pande mbili, ikateni na kuitoa pamoja na matawi yake. Kinachobaki ni ateri, na neva zimeizunguka.

Usianze kuzitafuta neva hizo juu, kwenye shingo, ambako zinatoka. Anza chini, kwenye kitu usichoweza kukikosea. Kuna msuli mwembamba unaotoka kwenye korakoidi, ile ncha ya mfupa wa bega inayochomoza mbele, kushuka mkononi, na kuna neva moja inautoboa. Ndiyo muskulokutaneo. Ishike kwa kibano kisicho na meno, ifuate kurudi juu, na utafika mahali inapoungana na mzizi mmoja wa neva ya mediani. Fuata mzizi huo ushuke, utakutana na mzizi wa pili mbele ya ateri. Panda na huo wa pili, utaipata neva ya alna. Sasa una herufi M iliyolala juu ya ateri, na hakuna atakayekusahaulisha. Ukiisogeza ateri mbele, nyuma yake kuna neva ya radiali na ile inayozunguka shingo ya mfupa wa mkono. Kwenye ukuta wa mbavu, juu ya msuli wa serato, inashuka neva ndefu ya kifua yenye mizizi kutoka neva za shingo C5, C6 na C7. Ikikatwa, mfupa wa bega huchomoza nyuma kila mgonjwa anaposukuma ukuta.

Mwanafunzi atauliza: nitajuaje kama hii ni neva na si uzi wa utando? Izungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Neva imejaa, haibonyei, rangi yake ni nyeupe ya maziwa, na ukiivuta kidogo utaona msuli fulani ukitikisika mbali kidogo. Ateri ina ukuta mnene na uwazi ndani, ukiibonyeza inarudi. Vena ni bapa, ukuta wake mwembamba, na mara nyingi ina damu nyeusi iliyoganda. Uzi wa utando ukivutwa unakatika bila kuwa umetoka popote wala kwenda popote. Maarifa haya yanakaa kwenye ncha za vidole, na hatujaona mahali pengine yanapopatikana.

Kwapa moja, likifanywa hivi, linataka vipindi 2 vya saa 3. Wakufunzi wanaolipanga kwa kipindi kimoja ndio wanaotengeneza wanafunzi wa kukata ovyo. Na kuna kosa la upande wa pili: kusafisha mno. Mwanafunzi hodari anakwangua kila chembe ya mafuta hadi neva zinaning'inia hewani, safi kabisa, na uhusiano wa kitu na jirani yake umepotea. Hapo amebaki na picha ya kitabu.

Kuhusu idadi: meza inayofundisha ina wanafunzi 6 hadi 8. Ikifika 20, wanne wanakata, wanne wanaangalia, na waliobaki wanapiga soga au wako kwenye simu. Pale ambapo miili ni michache, na hapa kwetu ni michache, gawanyeni kazi na mbadilishane kila nusu saa: mmoja anakata, mmoja anashika kibano upande wa pili, mmoja anasoma mwongozo kwa sauti hatua kwa hatua, mmoja anachora anachokiona kwenye daftari. Anayesoma kwa sauti ndiye mlinzi wa meza, kwani makosa mengi hutokea watu wanapokata wakidhani wanakumbuka.

Jambo la pili ambalo meza inalitoa ni tofauti kati ya mtu na mtu. Kitabu kina mwili mmoja. Lakini karibu mtu 1 kati ya 4 ana ateri ya ziada kwenye figo, na muskulokutaneo tuliyoitaja inaweza kuungana na mediani, au isionekane kabisa. Kwa hiyo wekeni muda wa kutembelea meza za wenzenu kila mwisho wa kipindi. Chumba chenye miili 5 kina watu 5 tofauti, na hiyo ndiyo takwimu ya kwanza ya maisha yako ya udaktari.

Na hapa Kanda ya Ziwa kuna tofauti ya aina yake, inayotokana na maji tunayoyaona kupitia dirisha lile. Kichocho cha matumbo kimejaa ufukweni mwa Ziwa Victoria, na watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hapa Mwanza wamekifuatilia kwa miaka mingi. Minyoo hao, wenye urefu wa sentimita 1 hivi, wanaishi kwenye vena za utumbo. Mayai yanayoshindwa kutoka na choo hubebwa na damu hadi kwenye ini na kukwama kwenye matawi madogo ya vena kuu ya ini, ile inayoliingizia damu kutoka utumboni. Mwili unayazungushia kovu. Baada ya miaka, kila tawi linakuwa na kuta nene nyeupe. Daktari Symmers alilieleza ini la namna hiyo kule Cairo mwaka 1904. Damu haipiti vizuri, shinikizo linarudi nyuma, bandama linavimba, na vena za chini ya umio zinatanuka hadi siku moja mgonjwa anatapika damu. Ni wagonjwa ambao wodi za hapa zinawafahamu.

Kwa hiyo mkifika tumboni, msikimbilie kuliondoa ini. Kwanza lipimeni bandama likiwa mahali pake. La kawaida lina urefu wa sentimita 12 hivi na uzito wa gramu 150 hivi, limejificha chini ya ubavu wa 9 hadi wa 11 upande wa kushoto. Kama ukingo wake umevuka mbavu, andikeni. Kisha inueni shingo ya kongosho: nyuma yake ndipo vena ya bandama na vena ya utumbo zinapoungana kuwa vena kuu ya ini, yenye urefu wa sentimita 8 hivi. Pimeni upana wake. Halafu katia ini kipande bapa kama sentimita 1 na mtazame uso wa mkato, kama kuna pete nyeupe kuzunguka matawi. Umio utawadanganya: vena zilizotanuka hunywea mtu akishafariki, hivyo aliyefungua umio na kusema ni wa kawaida hajamaliza kazi. Ugeuzeni nje ndani na mwangalie mistari ya kibuluu chini ya utando. Programu iliyotengenezwa nchi za baridi haina ini hili.

Sasa dawa. Hapa tunaongea zaidi na mafundi wa mochwari, na wanafunzi sikilizeni, maana mwili ulioharibika ni muhula ulioharibika.

Fomalini ya dukani ni maji yenye fomaldehidi asilimia 37 hadi 40. Mtu akisema fomalini ya asilimia 10, ana maana sehemu 1 ya hiyo kwa sehemu 9 za maji, yaani fomaldehidi karibu asilimia 4 tu. Kuna waliochanganya hesabu hizi mbili: wengine wakapata mwili mgumu kama ubao, wengine mwili uliooza ndani. Fomalini peke yake hukausha na kukaza, ndiyo maana inaongezwa gliserini ili nyama ibaki na unyevu, fenoli ili kuvu isiote, na spiriti ili dawa ipenye. Mtu mzima anataka lita 10 hadi 15 za mchanganyiko. Ateri ya paja hupatikana katikati ya mstari unaotoka kwenye ncha ya mbele ya mfupa wa nyonga hadi kwenye kiungo cha mifupa ya kinena. Fungua hapo, ingiza mrija, ning'iniza ndoo mita 1.5 hadi 2 juu ya meza, na uiache dawa ishuke kwa uzito wake kwa saa kadhaa. Pampu yenye nguvu inaharakisha, lakini inapasua mishipa midogo na kuvimbisha uso.

Kosa la kila siku ni kuuelekeza mrija upande wa kichwa tu. Kifua kinakaza vizuri, na mguu ule ule uliokatwa unaoza. Geuza mrija uelekee mguuni kabla ya kufunga. Kagua masikio, ncha za vidole vya mikono, na nyayo: zikiwa laini bado, dawa haijafika, na mahali pasipofikiwa pachomwe sindano moja kwa moja. Ubongo na utumbo ndivyo vinavyokosa dawa mara nyingi. Lakini chanzo kikubwa cha miili mibaya ni siku ilizokaa kabla ya dawa. Mwili ufaao unatiwa ndani ya saa 24. Miili ambayo vyuo vingi vya Afrika vinaitegemea ni ile isiyochukuliwa na ndugu, na hiyo hungoja wiki nyingi kwenye jokofu, umeme ukikatika na kurudi. Ngozi ya tumbo ikiwa imeshakuwa kijani, lita 15 hazitairudisha.

Mwili uliokwisha kutiwa unaendelea kudai huduma. Kila kipindi kikiisha, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa, kisha plastiki juu yake. Sehemu zilizofunguliwa zikikauka zinakuwa ngozi ya kiatu, hasa mikono, nyayo na uso. Unyevu wa ziwa unapendwa na kuvu; vidoa vya kijani au vyeupe vifutwe kwa spiriti siku vinapoonekana, si wiki inayofuata. Madirisha yawe na wavu mwembamba, kwa ajili ya nzi na pia wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kufuata taa.

Hewa ni suala la uhai wenu, msilichukulie kama suala la harufu. Mwaka 2004 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka fomaldehidi kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Marekani inaruhusu wastani wa sehemu 0.75 kwa milioni kwa saa 8 za kazi, na sehemu 2 kwa dakika 15. Mvuke huo unatoka mezani, na uso wa anayekata uko sentimita 30 kutoka hapo. Feni ya darini inayopuliza chini inauchapa mvuke huo usoni kwake. Hewa itolewe chini, usawa wa meza au sakafu, iende nje. Pale pasipo na mashine, tumieni upepo tulionao: mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, basi fungueni madirisha ya upande wa ziwa na ya upande wa pili kwa pamoja, na meza zipangwe ili wanafunzi wasisimame mkondo wa mvuke unapoelekea. Glovu ziwe za nitrili. Zile za mpira wa kawaida fomaldehidi inapenya upesi. Lenzi za macho ziachwe nyumbani. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi, inakupa moyo tu.

Na si kila mwili unapokelewa. Kifua kikuu, homa ya ini, VVU, kichaa cha mbwa: uliza historia kabla ya kusaini. Fomalini inaua vingi, lakini haiui vimelea vya ugonjwa wa ubongo uitwao Creutzfeldt-Jakob, na ndani ya mapafu yasiyoiva dawa bakteria wa kifua kikuu wanaweza kubaki. Mkoa jirani wa Kagera ulipata mlipuko wa homa ya Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Maiti ya mtu aliyekufa kwa homa na kutokwa damu bila kupimwa haiguswi na chumba cha anatomia, hata kama chuo hakina mwili mwingine.

Tuje kwenye imani ya wananchi, maana bila hiyo yote tuliyosema ni bure. Mwaka 1828 kule Edinburgh, Burke na Hare waliua watu ili wauze maiti kwa mwalimu wa anatomia, na sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 ilitokana kwa sehemu kubwa na hofu hiyo. Sisi tusijione mbali. Kanda hii imeshuhudia mauaji ya watu wenye ualbino kwa sababu ya biashara ya viungo. Mama wa Sengerema akisikia kuna jengo mjini lenye maiti zinazokatwa, ana haki ya kuogopa, na kazi ya kumwondolea hofu ni yetu. Kila mwili uwe na namba kwenye kifundo cha mguu na kwenye daftari. Kila meza iwe na ndoo yake yenye namba hiyo hiyo, na kila kipande cha ngozi, mafuta na mtoki kiingie humo, ili siku ya mazishi mtu huyo azikwe mzima kadiri inavyowezekana. Simu zibaki kwenye makabati. Picha moja ikitoka kwenye kundi la WhatsApp, chumba kinaweza kufungwa, na kitakuwa kimefungwa kwa haki.

Shirikisho la kimataifa la vyama vya wanaanatomia lilipendekeza mwaka 2012 vyuo vitegemee miili iliyotolewa kwa hiari. Tunaunga mkono, na tunajua ugumu wake: huku kwetu mtu anasafirishwa hata kutoka Dar es Salaam ili azikwe nyumbani, na ndugu hawatasikia habari ya mwili kukaa chuoni mwaka mzima bila kaburi. Tuanze na watu wa taaluma yetu. Mwalimu wa anatomia asiyeweza kuizungumza habari hiyo na mkewe au mumewe asimwombe mvuvi wa Mwaloni ajitolee.

Mwisho, vyuo vya uuguzi na vya matabibu visivyo na miili. Bucha liko karibu. Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne kama wetu, lakini ni mkubwa, na ndani yake kuna mfupa mdogo ambao sisi hatuna; waambieni wanafunzi mapema wasije wakauandika kwenye mtihani. Moyo wa mbuzi unatosha viganjani na bei yake ni ndogo. Agizeni machinjioni siku moja kabla, na msisitize aota na mishipa ya juu iachwe ndefu, kwani mchinjaji huikata chini kabisa. Ng'ombe ana tatizo jingine: mkaguzi wa nyama hulazimika kuupasua moyo kutafuta minyoo, hivyo utaupata umeshachanwa. Sukumeni damu iliyoganda kwa maji ya bomba, mimineni maji kwenye aota mwone vali zikijifunga, kisha ndipo mpasue chumba cha kulia kufuata mkondo wa damu. Kwa figo, ya nguruwe ndiyo jirani yetu. Ya ng'ombe imegawanyika vifundo kwa nje, ya mbuzi ina piramidi moja tu, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa hizo bila kuambiwa atashangaa siku ya kwanza theata. Jicho la ng'ombe ni zuri sana kwa lenzi na konea, ila ule utando unaong'aa rangi ya bluu na kijani nyuma yake ni wa wanyama wanaoona usiku, binadamu hana.

Viungo vibichi vitumike siku hiyo hiyo na vifukiwe. Vilivyowekwa kwenye fomalini visiachwe jalalani, kwa sababu mbwa wa mtaani hawajui kusoma lebo, na watoto wanaookota jalalani pia hawataisoma.

Tunapokea maswali.